Fahamu: Francis Kéré, msanifu wa majengo yanayopumua

Tuzo ya Pritzker, yenye hadhi ya juu kabisa katika usanifu majengo, ilianza kutolewa mwaka 1979. Mwafrika wa kwanza kuipata, Francis Kéré wa Burkina Faso, alitunukiwa mwaka 2022. Ni kuchelewa kusikokubalika.

Kazi iliyomtambulisha ni shule ya msingi ya Gando, kijijini alikozaliwa, iliyokamilika mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi Berlin. Wanakijiji waliijenga kwa mikono yao. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, lakini ufundi hasa uko juu: dari yenye matundu, na paa la bati lililoinuliwa mbali nayo. Hewa ya moto hupanda na kutokea matunduni, upepo upitao chini ya bati huiondoa, na hewa ya baridi huingia madirishani. Hakuna kiyoyozi. Aliyewahi kusoma chini ya bati lililopigiliwa juu ya kuta, saa saba mchana, ataelewa uzito wa jambo hili.

Nchini Kenya, Kéré alisanifu chuo cha Startup Lions, Turkana, kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake ya kutoa hewa moto imefuata umbo la vichuguu vya mchwa wa eneo hilo.