Bei ya Petroli: Mzigo Huu Unabebwa na Nani?

Kila mwezi unapokaribia kwisha, mazungumzo yetu hapa Dubai hubadilika mkondo. Baada ya sala ya Isha, wanaume wanaosimama nje ya msikiti huacha habari za mpira na za nyumbani, wakaulizana, "Imetoka?" Kinachoulizwa ni bei ya petroli ya mwezi unaofuata. Ikiwa imepanda, wenye gari hunung'unika. Ikiwa imeshuka, hunung'unika vilevile kwamba haikushuka vya kutosha. Katika manung'uniko hayo tumesikia mengi yasiyo na msingi na machache yenye haki kabisa, nasi tumeona ni vyema kuyapambanua.

Waliofika karibuni huenda wasijue kwamba desturi hii ya kungojea bei si ya zamani. Tangu 2010 hadi Julai 2015 lita moja ya Special 95 iliuzwa dirham 1.72 tu, na bei hiyo iliwekwa na serikali. Tarehe 1 Agosti 2015 Falme za Kiarabu zikaiachia bei ifuate soko la dunia, na kamati maalumu ikapewa kazi ya kuitangaza kila mwezi. Siku hiyo petroli ilipanda ikafika 2.14. Dizeli, jambo ambalo wengi wamelisahau, ilishuka kutoka 2.90 hadi 2.05, na wenye malori hawakuwa na la kulalamikia.

Wapo wanaoutamani ule wakati wa 1.72 kana kwamba ulikuwa neema tupu. Hao tungependa kuwakumbusha mwaka 2011. Kampuni ya mafuta ya Dubai ililazimika kununua petroli kwa bei ya dunia na kuiuza hapa kwa bei ndogo kuliko iliyonunulia. Kati ya mwaka huo vituo vyake vya Sharjah na vya kaskazini vikaanza kukauka, na magari yakapanga foleni ndefu kwenye vituo vichache vilivyobaki. Wakuu wa Sharjah walipoona hali haitengenei, walivifunga vituo hivyo. Petroli ilikuwa rahisi, lakini haikuwapo. Dereva aliyepoteza saa mbili juani kwenye foleni alilipa kwa njia nyingine.

Katika fikihi mas-ala haya yana jina lake, tas'iri, yaani mtawala kuwapangia wafanya biashara bei. Inajulikana kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awawekee bei, naye hakukubali. Baadaye wanazuoni walihitilafiana. Ibn Taymiyya aliona inafaa pale ambapo wauzaji wanaficha bidhaa na kuwadhulumu watu. Tunalitaja hili kwa ufupi kwa sababu vijana wetu huleta dalili moja tu kila upande, kisha wakaachana kwa hasira.

Mwaka uliowaumiza kweli madereva ni 2022. Mwezi wa Januari Special 95 ilikuwa dirham 2.53. Vita vya Ukraine vikazuka mwezi wa Februari, na kufikia Julai lita moja ilikuwa 4.52. Tangi la lita 60, lililojazwa kwa dirham 151.80 mwanzoni mwa mwaka, sasa lilitaka dirham 271.20. Mwezi huo huo serikali iliongeza msaada kwa raia wake wenye kipato kidogo, na ndani yake mlikuwa na fungu la petroli. Sisi wageni hatumo katika hesabu hiyo, wala si haki yetu kuidai. Lakini ni kweli kwamba mgeni alibeba nyongeza yote peke yake.

Ndipo habari za Oman zikaanza kuenea. Wengi wetu tuna jamaa Maskati, Sohar au Ibri, nao walitupigia simu wakicheka. Oman nayo iliifungua bei Januari 2016, lakini Novemba 2021 Sultani aliamuru bei isivuke ile ya Oktoba mwaka huo, na hazina ikabeba tofauti. Petroli ya 95 ikawekewa ukomo wa baisa 239, sawa na dirham 2.28 hivi. Basi Julai 2022 jamaa yako wa Sohar alikuwa akijaza gari lake kwa nusu ya bei yako, na wote wawili mnaishi juu ya mafuta.

Tulisikia mpaka watu wakipanga safari za kwenda kujaza tangi huko. Sisi tuliofundisha hesabu hatukuweza kunyamaza. Kwenda Sohar ni kama kilomita 200, na kurudi ni 200 nyingine. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita litakula lita 40: ishirini za Dubai na ishirini za Oman, jumla dirham 136. Faida yote ya tangi la lita 60 ni dirham 134.40. Hapo hujalipa bima ya gari ya upande wa Oman, wala ushuru wa kutoka mpakani, wala chai ya njiani. Anayekwenda kuwaona jamaa na ajaze tangi lake kwa raha. Anayekwenda kwa ajili ya tangi tu amejisumbua. Dereva mmoja alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maalim, hesabu yako ni sahihi, lakini roho inapoa." Hilo hatukuwa na jibu lake.

Nyumbani mambo yalikwenda vingine. Tanzania EWURA hutangaza bei za ukomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Zanzibar ina mamlaka yake, ZURA. Juni 2022 serikali ya Tanzania ilitoa shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei. Hata hivyo mtu wa Kigoma au Kagera hulipa zaidi kuliko wa Dar es Salaam au Tanga, kwani lita ile ile imepakiwa lorini ikasafiri siku kadhaa kutoka bandarini.

Kenya ndiko kwenye funzo kubwa, hasa kwetu tulioko hapa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliafikiana na Saudi Aramco, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai ziiletee mafuta kwa mkopo wa siku 180. Kwa hiyo kampuni ambayo ndugu yetu wa Deira anajaza gari katika kituo chake ndiyo ile ile inayoipelekea Mombasa mafuta. Mtu angetarajia bei zikaribiane. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Dola moja ilikuwa kama shilingi 150, kwa hiyo lita hiyo ilikuwa zaidi ya dirham tano, ilhali hapa ilikuwa tatu na kitu.

Sababu ni mbili, na hakuna hata moja inayotokana na kisima. Ya kwanza ni kodi: pamoja na ushuru mwingine uliokuwapo, tarehe 1 Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ya pili ni shilingi yenyewe. Mafuta hununuliwa kwa dola. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo dereva wa Dubai haoni mtikisiko wa sarafu. Dereva wa matatu wa Mombasa huona mitikisiko miwili kwa mpigo, wa mafuta na wa shilingi, hata mwezi ambao soko la dunia limetulia.

Haya yanaingia nyumbani mwetu kwa mlango ambao hauzungumzwi sana. Bei ya dunia inapopanda, baba aliyeko Dubai anabanwa kwenye pampu. Wiki hiyo hiyo simu inalia kutoka Likoni au Mwanakwerekwe: nauli imepanda, unga umepanda kwa sababu lori limepanda, tuongezee kidogo. Anayetuma ni mmoja, na mshahara wake hautangazwi upya kila mwezi. Mwaka 2022 tuliwajua waliopunguza kutuma wakaona haya kusema sababu, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeamini kwamba mtu wa Arabuni anaweza kulalamikia petroli.

Lakini ugomvi uliotusikitisha zaidi ulikuwa hapa hapa, baina ya wazazi na mwenye basi dogo anayewachukua watoto skuli. Ana ruhusa zake zote, na familia sita zilipatana naye mwanzo wa mwaka wa masomo kwa dirham 350 kila mtoto. Mwezi wa Juni 2022 akataka nyongeza ya dirham 100. Wazazi wakamwita mlafi. Yeye akasema ataacha. Kwa siku tatu watoto walikwenda skuli kwa teksi.

Tulipoulizwa tuliomba daftari lake. Alitumia lita 260 kwa mwezi. Kati ya Januari na Juni petroli ilipanda kutoka 2.53 hadi 4.03, yaani dirham 1.50 kwa lita. Gharama yake iliongezeka kwa dirham 390, ambazo zikigawanywa kwa watoto sita ni 65. Hakuwa mlafi, ila alizidisha 35. Na wazazi hawakudhulumiwa, ila walitaka mtu mwingine abebe peke yake mzigo ambao wao wenyewe waliulalamikia kila walipofika kwenye pampu.

Wakakubaliana kwa maandishi, ukurasa mmoja. Bei ya msingi ni 2.53. Kila tarehe mosi huangaliwa bei mpya, tofauti huzidishwa kwa lita 260, kisha hugawanywa kwa sita, ikipanda na ikishuka. Skuli ilipofunguliwa Septemba petroli ilikuwa 3.30, na kila mzazi akaongeza dirham 33 na filsi chache. Januari 2023 ilikuwa 2.67, na nyongeza ikawa dirham sita. Mzazi mmoja kazi yake ilikatika mwezi wa Oktoba. Fungu lake la nyongeza waligawana watano waliobaki, na mwenye basi akamsubiri hizo 350 hadi Februari alipopata kazi Jebel Ali.