Tairi Refu, si Tairi Pana: Land Rover ya Zamani katika Matope ya Kakamega

Mvua ndefu zikishika huku miwa ikiendelea kusombwa kutoka mashambani, barabara za udongo za Kabras na Malava hupata umbo linalojulikana na kila dereva wa huko. Matrekta yenye matela ya miwa huchimba mifereji miwili mirefu, na katikati hubaki kigongo cha udongo. Land Rover ya zamani huingia humo bila woga. Magurudumu yanazama mferejini, difu inalalia kigongo, na ingawa injini inavuma na matairi yanazunguka, gari halisogei hata shubiri.

Hapo ndipo mwenye gari huamua kutafuta matairi makubwa zaidi. Namuunga mkono. Ila naona uchungu ninapokuta gari zuri la miaka hamsini, lililowahi kumbeba chifu, padri au mganga wa mifugo, limevishwa matairi mapana yaliyotokeza nje ya madigadi kwa sababu mtu alipenda picha za Rhino Charge. Magari ya mashindano hayo, yanayofanyika nchini tangu 1989, huwa yameundwa upya chini: ekseli, difu, usukani na breki. Mtazamaji huona mpira tu, na mpira ndio anaokwenda kununua.

Tuanze na kimo. Watu wengi hudhani kuinua springi kunatatua tatizo la kigongo. Springi ndefu, au vishikio virefu vya springi, huinua bodi na chesisi. Ekseli hubaki pale pale, na difu nayo hubaki pale pale, kwa maana vyote viwili vimeegemea gurudumu. Tairi ndilo linaloinua difu, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake. Land Rover fupi ya Series III, ile ya inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, ilitoka kiwandani na matairi ya 6.00-16 yenye kipenyo cha takriban milimita 730. Ukiivalisha tairi la 7.50-16, ambalo lilikusudiwa Land Rover ndefu ya inchi 109, kipenyo kinafika takriban milimita 810. Tofauti ni milimita 80, kwa hiyo difu inapanda sentimita 4. Sentimita 4 zinaonekana chache ukizipima kwa rula gereji, lakini juu ya kigongo cha Kabras mara nyingi ndizo zinazoamua kama utapita au utatafuta jembe.

Sasa upana. Chukua matairi mawili: la 255/85R16 na la 33x12.5R15. Yote mawili yana kipenyo cha karibu milimita 840, kwa hiyo yanainua difu sawasawa. La kwanza lina upana wa milimita 255, la pili karibu milimita 318. Ule upana wa ziada, zaidi ya sentimita 6 kwa kila gurudumu, hauongezi hata nukta moja ya kimo. Kwa udongo wa Kakamega, mara nyingi ni hasara.

Sababu iko ardhini. Kwenye barabara zetu nyingi udongo mwekundu wa mfinyanzi, ukilowa, huwa tabaka laini linaloteleza juu ya murram au ardhi ngumu iliyoshindiliwa. Tairi jembamba hubeba uzito uleule kwenye eneo dogo, kwa hiyo hukata lile tope na kufika chini kwenye kitu cha kushika. Tairi pana huelea juu ya utelezi, na barabara ikiwa imeinuka katikati, gari huteremka taratibu kuelekea mtaroni huku usukani ukiwa umenyooka. Tena mfereji uliochimbwa na trekta una kuta: tairi pana huzisugua na kusukuma tope mbele yake, kazi ambayo injini hulipia. Mambo hugeuka kwenye mchanga, au kwenye udongo mweusi wa pamba usio na ugumu wowote chini. Huko kuelea kuna faida. Lakini anayeishi huku kwetu Kakamega, tuseme Shinyalu, hana sababu ya kununua tairi la jangwani.

Gharama nyingine huanzia kwenye gia. Difu ya Series III ina uwiano wa 4.7 kwa 1, na wahandisi walioichagua walijua ukubwa wa tairi lililokusudiwa. Ukitoka 6.00 kwenda 7.50, tairi limekua kwa asilimia 11, na difu yako sasa inafanya kazi kana kwamba uwiano wake ni 4.24. Kwenye gia ya kwanza, ukiwa umevuta lever nyekundu ya gia za nguvu, injini ilikuwa inazidishiwa msukumo mara 40 hivi kabla haujafika gurudumuni. Sasa ni kama mara 36 na nusu. Injini yenyewe, ile ya lita 2.25, haikuwa na nguvu za kuchezea: ya petroli ilikuwa na farasi 70 hivi ilipokuwa mpya. Tena Kakamega iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kabla hujagusa tairi, hewa ya hapa imeshachukua sehemu yake.

Kwa hiyo sipendekezi kuzidi 7.50-16, au 235/85R16 ambalo lina kimo karibu sawa, kwa Land Rover yoyote ya Series yenye injini yake ya asili. Gari la inchi 109 lililokuja na 7.50 limeshafika. Mwenye nalo akitaka 255/85 atapata sentimita moja na nusu tu chini ya difu, na bei ya sentimita hiyo kwenye klachi naiona kubwa mno. Kuna mafundi wanaofunga difu ya 3.54 kutoka Range Rover au Defender ili gari likimbie kwenye lami. Difu hiyo pamoja na matairi makubwa, kwenye injini ya zamani, ni mchanganyiko unaochoma klachi kwenye kilima cha kwanza chenye matope.

Breki ndizo zinazonitia hofu kuliko yote. Tairi likirefuka, linapata mkono mrefu zaidi wa kushindana na dramu ambayo haikukua. Ili kusimama kama zamani, mguu wako unahitaji kukanyaga kwa nguvu zaidi kwa kiwango kilekile cha asilimia 11. Land Rover hizi zina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na dramu zikiingia maji na tope hushika vibaya hata zikiwa mpya. Zaidi ya hapo, spidomita sasa inakudanganya: ikisoma 60, unakwenda karibu 67. Weka mambo hayo pamoja kwenye mteremko wa Riat unapoingia Kisumu, nyuma ya lori, mvua inanyesha. Kama viatu vya breki vimeisha au silinda za magurudumu zinavuja, pesa za matairi ziende huko kwanza.

Halafu kuna saidishafti, chuma kinachopeleka mzunguko kutoka difu hadi gurudumuni. Za nyuma kwenye Land Rover fupi zinajulikana kwa kukatika. Hazikatiki gurudumu linapozunguka bure kwenye tope. Hukatika pale gurudumu linalozunguka kwa kasi linaposhika ghafla jiwe au mzizi, na tairi zito huja na kishindo kikubwa zaidi. Dereva wa tairi kubwa lazima ajifunze kuachia mafuta mara gari linapoanza kuruka-ruka. Jambo jema ni kwamba uzito wa gari haubebwi na shafti hiyo. Ikikatika, unaweza kuichomoa, kuziba kitovu ili oili isimwagike, kuingiza nguvu ya magurudumu yote na kurudi nyumbani ukivutwa na yale ya mbele. Anayeingia Msitu wa Kakamega upande wa Buyangu au Isecheno abebe shafti ya akiba.

Kosa lililoenea kuliko yote hutokana na ukata: kununua matairi mawili makubwa ya nyuma sasa na kungoja msimu mwingine kwa ya mbele. Series haina difu ya katikati. Ukisukuma kitufe cha njano chini, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawa. Matairi yakitofautiana kimo, ekseli hizo zinavutana kila mita unayokwenda, na kwenye ardhi ngumu kitu lazima kivunjike, aghalabu ndani ya giaboksi au shafti. Nunua matano ya kimo kimoja, la akiba likiwemo. Kama pesa hazijatosha, subiri na matairi ya zamani.

Siku ya kufunga, usikubali kupima gari likiwa limesimama sawa tu. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo hadi springi ibanwe kabisa, kisha zungusha usukani hadi mwisho kila upande. Angalia pengo kati ya tairi na springi, mpira wa breki na madigadi. Likigusa, kuna bolti ya kikomo kwenye kitovu cha usukani inayoweza kurefushwa: gari litahitaji nafasi zaidi kukata kona, lakini mpira wa breki hautakatwa. Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kufunga spesa zinazosukuma gurudumu nje. Spesa huhamisha uzito mbali na mahali beringi zilipotengenezewa kuubeba, na usukani usio na pawa huwa mzito hata kwa kijana.

Chagua meno makubwa yaliyoachana, yanayoendelea hadi kwenye bega la tairi. Lile tairi la mistari la Canter ni bei nafuu na kimo kinalingana, lakini liliundwa kwa lami. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, maana mpira uliokaa dukani miaka mingi hupasuka ungali na meno mapya. Matairi mengi ya 7.50-16 hutumia tyubu, na hiyo inaweka mpaka wa kupunguza upepo matopeni. Ukishusha mno, tairi huteleza kwenye rimu na kuburuta tyubu. Vali ikianza kuinama, simama uongeze upepo kabla haijang'oka.

Baada ya safari ya kwanza ya matope, kaza nati zote upya na upapase ubavu wa ndani wa kila tairi kutafuta alama za kusuguliwa. Na ukipata pancha Malava jioni, utashukuru kwamba 7.50-16 ni saizi inayotumiwa na Land Cruiser za kazi na malori madogo: fundi wa kando ya barabara ataijua, na huenda tyubu yake inaning'inia ukutani.