Karte grafiki inunuliwe mwisho



Kuna swali moja ambalo napokea karibu kila wiki: «Niko na dolari 150, ninunue karte grafiki gani?» Wanaouliza si vijana wa michezo peke yao. Kuna wanaofanya montaji ya video za ndoa, kuna wanaochora plani za nyumba, na kuna wazazi ambao mtoto amewasumbua juu ya GTA. Jibu langu ni lile lile: karte njo inakuja mwisho. Kwanza tupime mashini uliyo nayo. Dolari 150 kwa wengi wetu ni minervale ya mtoto. Mtu hatupi makuta ya namna hiyo kwa sababu muuzaji amesema «hii iko na nguvu».

1. Umeme

Fungua sanduku la kompyuta, tafuta alimantasio, kile kisanduku cha chuma ambacho waya wa ukutani unaingia. Kuna karatasi imebandikwa pale juu. Soma wati ni ngapi.

Tundu ambamo karte inaingia, PCI Express, linatoa wati 75 tu. Karte ikitaka zaidi, inahitaji waya wa pembeni kutoka alimantasio: waya wa meno 6 unaongeza wati 75, na wa meno 8 unaongeza 150. Ikiwa alimantasio yako haina waya huo, karte zote zinazouhitaji zitoke kwenye liste yako leo.

Tuchukue mfano ambao hapa Lubumbashi tunauona sana. Dell OptiPlex 7010 ni mashini ya ofisi ya mwaka 2012, na nyingi zinatufikia mkono wa pili. Ile ndogo, inayolazwa kwenye meza, iko na alimantasio ya wati 240. Kijana mmoja wa jirani aliniletea ya kwake, iko na prosesere i5-3470: «Yaya, nimepata RX 580 ya bei nzuri, nichukue?» Tulipiga hesabu pamoja. RX 580 peke yake inaomba wati 185. Prosesere yake imehesabiwa wati 77. Jumla 262, na bado hatujahesabu diski na feni. Alimantasio ni 240, tena haina waya wa meno 8. Hapo hakuna mjadala.

2. Nafasi

Chukua rula. Mashini ndogo kama ile haipokei karte ya kimo cha kawaida. Inataka karte fupi, yaani ile yenye kimo cha nusu. Pima pia urefu, na unene, kwa sababu karte nyingi zinakula nafasi ya matundu mawili. Kuna watu wanaokata chuma cha sanduku ili karte iingie. Inawezekana, lakini joto halitapata pa kutokea, na karte yenye joto inajipunguzia mwendo yenyewe.

3. Prosesere na rami

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili la bure. Fungua mchezo unaokusumbua, angalia unapata picha ngapi kwa sekunde. Kisha shusha ubora wa picha mpaka chini kabisa. Picha kwa sekunde zikiongezeka sana, kweli karte njo inakuzuia. Zisiposogea, tatizo liko kwa prosesere ao rami, na karte mpya haitabadilisha kitu.

Usidharau rami. Kama mashini haina karte yoyote na iko na kipande kimoja cha rami, kuongeza cha pili kinacholingana nacho kunafungua njia mbili za data. Picha za ndani ya prosesere zinapata nguvu mara moja, kwa bei ndogo kuliko karte yoyote.

4. Ekra

Ekra ya kawaida ya 1080p iko na nukta 1920 kwa 1080, karibu milioni 2. Ekra ya 4K iko na zaidi ya milioni 8, yaani kazi mara nne kwa kila picha. Ukiwa na ekra ya 1080p inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, karte ya kutoa 140 unailipia bure: macho yako hayataziona.

Sasa karte yenyewe

Ukijua hayo manne, liste inabaki fupi.

Kwa mashini isiyo na waya wa pembeni: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote wati 75 na memori giga 4. Hakikisha ni toleo lisilo na tundu la meno 6, maana kuna matoleo yanayolitaka. RX 6400 ya 2022 inakula wati 53 tu na inapatikana fupi na nyembamba, lakini ina kasoro mbili: inatumia njia 4 tu za PCI Express, basi kwenye mashini ya zamani inapoteza nguvu, na haina kifaa cha kufinya video, kwa hiyo watu wa montaji waiache. RTX 3050 ya giga 6, ya 2024, inakula wati 70 na ni bora kuliko hizo zote, ila makuta yataongezeka.

Kwa mashini yenye alimantasio nzuri na waya wa meno 8: RX 6600 ya 2021, giga 8, wati 132. Kwa michezo ya 1080p mimi naipenda kuliko RX 580, maana inafanya kazi zaidi na inakula umeme kidogo. Ikiwa unafanya pia kazi za 3D, RTX 3060 ya giga 12 inastahili kungojewa.

Kijana wa jirani alichukua GTX 1650 fupi. Hesabu: 75 na 77 ni 152. Alimantasio ya 240 inapumua.

Ukinunua mkono wa pili

Mwezi wa 9 mwaka 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa karte grafiki, na karte nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Haina maana zote ni mbovu, lakini sikiliza feni, na omba karte ichezeshwe nusu saa mbele yako. Mistari ama rangi za ajabu zikitokea kwenye ekra, rudisha makuta mfukoni.

Kuna pia karte za uongo: karte ya zamani imeandikwa jina jipya ndani. Programu ya bure GPU-Z inazitambua nyingi, inaandika neno FAKE mbele ya jina. Ibebe kwenye klé USB ukienda sokoni. Muuzaji akikataa usijaribu, amekwisha kukujibu.

La mwisho: usimalize makuta yote kwa karte. Umeme wetu unapanda na kushuka, na ukirudi baada ya kukatika unarudi kwa kishindo. Weka kando kitu kidogo cha regulatere. Karte ya dolari 150 bila regulatere ya kuilinda, hiyo ni bahati nasibu.

Mwenye mashini yake aandike hapa chini wati za alimantasio, jina la prosesere na aina ya ekra. Tutahesabu pamoja.