Dansi ya Vifaa Vichache: Kwanza Mahali pa Kuchezea



Maombi ya vikundi vya vijana yanayofika ofisini kwetu mara nyingi huanza na spika, jenereta na sare. Mahali pa kufanyia mazoezi hapatajwi. Tunaona mpangilio huo umepinduliwa.

Mfano tunao hapa Pwani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa TaSUBa mwaka 2007, kiliunguliwa na ukumbi wake mkubwa mwaka 2002. Ukumbi mpya ulifunguliwa mwaka 2008. Katika miaka hiyo yote chuo hakikufungwa, kwani mcheza ngoma huhitaji ngoma, njuga na uwanja. Katika dansi ya kisasa wapo wanaopunguza zaidi: mtu mmoja, miguu peku, pengine bila muziki, akirudia mwendo wa kutembea au wa kutwisha ndoo. Mtazamaji asipokuwa na mapambo ya kutazama, hutazama pumzi na kisigino, na kosa dogo huonekana. Kwa hiyo mtindo huu hudai mazoezi mengi, na mazoezi hudai mahali.

Hata Marekani, waliojulikana kwa mtindo kama huu walisaidiwa na kanisa. Tarehe 6 Julai 1962 wachezaji vijana, akiwamo Steve Paxton, walionyesha kazi zao katika Kanisa la Judson Memorial, New York. Kutembea na kukimbia kwa kawaida kukahesabiwa kuwa dansi.

Tusieleweke vibaya. Kupunguza kwa hiari si sawa na kukosa, na hatuandiki haya ili mfadhili apunguze mchango. Anayeruka kila siku juu ya saruji huumia magoti, na mwalimu wa dansi naye ana watoto wa shule.

Kumbi nyingi za sharika hufungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wapo wazee waliolelewa wakati Mkristo alikatazwa ngoma. Waelezwe kwa heshima kabla ufunguo haujatolewa. Katika maombi yajayo, tunaomba kamati ziandike kwanza siku na saa za ukumbi, jina la mtunza ufunguo, mikeka ya sakafuni, kisha nauli na posho ya mwalimu. Spika iandikwe mwisho.