Kesi ya Mabao Matano

Yanga ilipoifunga Simba mabao matano kwa moja katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, washindi hawakuwa na haja ya maneno mengi: walinyanyua vidole vitano, wakayaita matokeo yale kono la nyani, wakaenda zao kwa furaha. Maneno yote, kama ilivyo ada ya watani hawa tangu Yanga ilipoasisiwa mwaka 1935 na mwenzake mwaka uliofuata, waliachiwa walioshindwa. Nao, tangu Msimbazi, makao ya klabu yao, mpaka kwenye vijiwe vya bodaboda, mabaraza ya kahawa na vipindi vya michezo vya redio, wakaketi kuamua kesi ambayo ndani yake wao wenyewe ndio walalamikaji, mashahidi na mahakimu.

Msomaji asiyefuatilia kandanda huenda akadhani kwamba timu iliyofedheheshwa namna ile ilikuwa taabani tangu awali, lakini jedwali la ligi lingemkanusha. Simba ilikuwa haijafungwa ligini msimu ule. Mwezi Agosti ilikuwa imetwaa Ngao ya Jamii kule Mkwakwani, Tanga, kwa kuishinda Yanga hiyo hiyo kwa mikwaju ya penalti. Na mwezi Oktoba ilikuwa imetoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo, ikaaga mashindano hayo ya klabu za Afrika kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Ilhali wapenzi wenye jicho kali walikuwa wamekwisha kunung'unika kwamba timu inashinda lakini haichezi, kwamba pointi tatu zinapatikana kwa taabu dhidi ya timu ndogo na kipindi cha pili kila mara huwa cha mateso. Na manung'uniko yao, ambayo kabla ya mechi yaliitwa uchuro, baada ya mechi yaligeuka kuwa ithibati.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa mwalimu, Mbrazili Roberto Oliveira, maarufu kwa jina la Robertinho. Alilaumiwa kwa kupanga kikosi vibaya, kwa kuchelewa kufanya mabadiliko, na kwa kutojua uzito wa mechi ya watani, ingawa hoja hii ya mwisho haina insafu, maana mtu huyo huyo, tarehe 16 Aprili ya mwaka ule ule, ndiye aliyeiongoza Simba kuifunga Yanga 2-0. Hukumu yake haikungoja rufaa: tarehe 7 Novemba klabu ilitangaza kuachana naye, na pamoja naye kocha wa viungo. Wa pili alikuwa golikipa Aishi Manula, aliyesimama langoni akiwa ametoka katika majeraha ya muda mrefu, na ambaye mabao yote yalihesabiwa juu ya kichwa chake kana kwamba mbele yake hapakuwa na watu kumi. Wa tatu walikuwa wale waliosimamia usajili, kwa kuwa timu, wapenzi walisema, imejaa watu wazima ambao pumzi zao haziwafikishi dakika ya tisini.

Kisha likaja shauri la hujuma, na hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu hakuna mechi kubwa ya Simba au ya Yanga inayopotea bila ya neno hili kutajwa. Mzee aliyekwisha kuona mechi nyingi hushusha sauti, akamwambia kijana aliyeketi pembeni yake: "Mwanangu, wewe ulikuwa unatazama mpira, mimi nilikuwa natazama watu. Mechi ile imeuzwa." Kijana akithubutu kuuliza, "Kauza nani, mzee wangu, na nani aliyeona?", hujibiwa kwamba mambo hayo hayasemwi hadharani, na baraza zima hutikisa vichwa kama kwamba swali limekwisha jibiwa. Wengine hupeleka lawama kwa kamati ya ufundi, jina la adabu wanalopewa wale wanaosadikiwa kushughulikia mambo ya gizani usiku wa kuamkia mechi, wakisema kwamba safari hii imezidiwa maarifa na ya wenzao. Kuwacheka wasemao hivyo ni kazi rahisi, na aghalabu wachekaji huwa ni wale ambao timu yao imeshinda. Lakini mpenzi aliyelipa kiingilio, akapoteza sauti yake kwa kushangilia, na kesho yake akalazimika kufika kazini penye watani wanaomngoja na vidole vitano, hupata nafuu kubwa kwa kuamini kwamba wachezaji wake wangali bora kuliko wale wengine na kwamba kilichomshinda ni khiana. Dhana ya namna hiyo haizaliwi na dalili, kwa hiyo hata dalili ya kuipinga ikiletwa haiifanyi kitu.

Lau kesi hii ingefuata utaratibu, ingeanza na saa. Kennedy Musonda aliipatia Yanga bao katika dakika ya 3, Kibu Denis akasawazisha katika dakika ya 9, na timu zikaenda mapumziko zikiwa 1-1. Zaidi ya saa nzima ya mchezo ilipita, basi, bila ya mtu kuweza kuapa nani atashinda. Ndipo Maxi Nzengeli akafunga katika dakika ya 64, Stephane Aziz Ki katika dakika ya 73, Nzengeli tena katika dakika ya 77, na Pacome Zouzoua akahitimisha kwa penalti katika dakika ya 87. Aliyeuza mechi, kama yupo, alikuwa mvumilivu sana.

Timu inayokata pumzi haianguki kwa mara moja. Kwanza viungo wake huchelewa hatua mbili tatu kurudi nyuma mpira unapopotea, kisha uwazi hutokea baina yao na mabeki, na katika uwazi ule wachezaji wa aina ya Aziz Ki na Pacome, ambao kazi yao hasa ni kupokea mpira hapo na kugeuka wakiwa wanalitazama lango, hupata nafasi ambayo mwanzoni mwa mechi walinyimwa. Bao la pili likiingia, aliye nyuma hulazimika kupandisha mabeki wake kutafuta la kusawazisha, na kila anapopanda huacha nyuma yake uwanja mtupu kwa mwenzake mwenye mbio. La tatu huzaliwa na haraka ya kutafuta la pili, na la nne huzaliwa na kukata tamaa. Kwa sababu hiyo matokeo ya 5-1 hayana maana kwamba aliyeshinda alikuwa bora mara tano. Maana yake ni kwamba alikuwa bora kwa kiasi fulani, na kwamba mwenzake hakuwa na nguvu za miguu wala utulivu wa moyo wa kukubali kufungwa 2-1. Walionung'unikia umri na pumzi, kwa maoni yangu, walikuwa karibu zaidi na haki kuliko wote, na klabu yenyewe, kwa kumwondoa kocha wa viungo siku ile ile ilipomwondoa Robertinho, ni kama ilikiri nusu ya madai yao.

Lakini hata hao walikosa jambo moja, ambalo walioshindwa wa kila upande hulikosa: hawakumwita shahidi mkubwa, ambaye ni Yanga. Timu hiyo ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika miezi michache kabla ya mechi ile, ikafungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 ugenini, na kukosa kombe kwa mabao ya ugenini tu. Chini ya Miguel Gamondi, Muargentina, ilikuwa imeanza msimu mpya kwa kuwafunga KMC 5-0, ASAS ya Djibouti 5-1 na JKT Tanzania 5-0, yote hayo ndani ya mwezi mmoja wa Agosti. Mtu aliyekwisha kuwapiga watatu matano matano hahitaji kumnunua mtu ili ampige wa nne.

Wala wapenzi wa Yanga wasijione wao ni waadilifu zaidi. Tarehe 6 Mei 2012 walipopigwa na Simba 5-0, siku ambayo hata golikipa Juma Kaseja alitoka langoni kwake akaenda kupiga penalti akafunga, wao nao walizungumza habari za uongozi, migogoro na usaliti, na haukupita muda mrefu mwenyekiti wao akajiuzulu. Kwamba Simba ilikuwa bingwa wa msimu ule, Azam ya pili na Yanga ya tatu, halikuwa jambo lililopewa nafasi kubwa barazani.

Baada ya Robertinho alikuja Abdelhak Benchikha wa Algeria, mwalimu yule yule aliyeinyima Yanga Kombe la Shirikisho akiwa na USM Alger, wengi wakaamini kwamba dawa imepatikana. Tarehe 20 Aprili 2024 Yanga ikashinda tena, 2-1, na kabla ya mwezi kwisha Benchikha naye akaondoka. Ligi ilipofungwa, Yanga ilikuwa bingwa na Simba ilikuwa ya tatu, pointi 69 sawa na Azam lakini nyuma yake kwa tofauti ya mabao, upungufu ambao sehemu yake ilitokana na ile jioni moja ya Novemba. Simba ikabadili kikosi chake kwa kiasi kikubwa, ikamleta Fadlu Davids wa Afrika Kusini, na mwezi Mei 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Katika ligi ya msimu huo huo ilikutana na Yanga tarehe 19 Oktoba 2024, ikafungwa 1-0, na tarehe 25 Juni 2025, ikafungwa 2-0. Mwalimu alikuwa mwingine na golikipa alikuwa mwingine.