Kompyuta haijui kusema hapana

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha. Protini ya kinga imechorwa kama utepe wa bluu, pembeni yake kimening'inia kijisukari cha rangi ya machungwa, na chini pameandikwa kwamba kompyuta imethibitisha alovera inaamsha kinga ya mwili. Swali linaloambatana nayo ni lilelile: “Dokta, hii ni kweli?” Nimeshaulizwa kwa simu, kwenye foleni ya benki, hata msibani. Leo nalijibu kwa kirefu, maana wengi wanaouliza wana mgonjwa nyumbani, na chupa ya alovera inayouzwa kwa picha hiyo si ya bei ndogo.

Muuzaji ana ukweli wa kuanzia. Mwilini mwetu zimo protini ziitwazo lektini, ambazo kazi yake ni kutambua sukari. Sizungumzii sukari ya kwenye chai. Nazungumzia minyororo ya sukari inayofunika vijidudu kama manyoya. Lektini iliyochorwa kwenye picha ile ni ile inayoshika sukari ya mannosi, na huelea kwenye damu. Ikikutana na kuvu ya Candida, ambayo ukuta wake umejaa mannosi, huing'ang'ania na kuita askari wengine. Na ni kweli ute wa alovera, yaani mshubiri, una mannosi tele. Uongo unaanza pale mannosi moja, ikiwa peke yake, inapochukuliwa na kutiwa kwenye programu ya kupachika.

Programu hiyo hufanya nini? Huichukua molekuli ndogo, huigeuzageuza kwenye kishimo cha protini mara nyingi sana, huupa kila mkao alama, kisha hukuonyesha mikao iliyoongoza. Ni hivyo tu. Ukiiwekea mannosi, itatoa alama. Ukiiwekea kafeini au parasetamoli, itatoa alama vilevile. Na kwa kawaida molekuli ikizidi ukubwa alama nayo hupendeza, kwa sababu tu atomu nyingi zaidi zimegusana. Kwa hiyo anayekuambia “kompyuta imekubali” anakuambia kwamba programu iliwashwa ikamaliza kazi.

Sasa tuzitazame hizo alama. Mojawapo ya programu zinazotumiwa sana ni AutoDock Vina. Watunzi wake wenyewe walipoitangaza mwaka 2010 walieleza kwamba makadirio yake hukosea kwa karibu kilokalori 2.85 kwa moli. Inaonekana ndogo. Lakini katika joto la mwili, tofauti ya kilokalori 1.4 inatosha kuifanya nguvu ya kushikana iwe mara kumi zaidi au mara kumi pungufu. Kosa la 2.85 ni kama mara mia, juu au chini. Na hapo hatujagusa ugumu wa sukari yenyewe: hukaa kwenye kishimo kifupi, juujuu, imezungukwa na maji yanayoishindania kila upande.

Kijana mmoja aliniletea faili la kazi ya namna hii, akiwa na furaha ya alama aliyopata. Nikalifungua kwenye skrini, nikakizungusha kile kishimo, nikakuta kalsiamu haipo. Lektini hizi hushika mannosi kupitia ayoni ya kalsiamu, ambayo hudakwa na haidroksili mbili za sukari, ya kaboni ya 3 na ya kaboni ya 4. Yeye alikuwa amefuata maelekezo ya kuanzia yanayosema futa maji na chumvi zote, akafuta na kalsiamu. Programu haikulalamika. Iliipachika mannosi kwenye protini isiyo na mkono wa kushikia, ikatoa alama nzuri.

Kipimo cha kuumbua alama kama hiyo kipo, na hakina gharama. Chukua galaktosi. Inafanana na glukosi kwa kila kitu isipokuwa ile haidroksili ya kaboni ya 4, ambayo badala ya kulala ubavuni mwa pete imesimama wima. Kwa sababu hiyo lektini ya mannosi huikataa. Mwaka 1992 Kurt Drickamer alibadilisha asidi amino mbili tu kwenye lektini ya mannosi ya panya, nayo ikageuka kupendelea galaktosi. Jambo zima linaamuliwa kwenye nafasi finyu kiasi hicho. Ikiwa programu yako inaipa galaktosi alama ileile iliyoipa mannosi, na hilo hutokea mara nyingi, basi namba yako haina thamani.

Turudi kwenye chupa. Mannosi ya alovera haiji mojamoja. Imeungwa mnyororo mrefu uitwao asemannani, na kiungo cha kila pingili hushika kaboni ya 4. Yaani haidroksili ileile inayotafutwa na kalsiamu imeshatumika kujengea mnyororo. Inabaki wazi kwenye pingili ya mwisho tu, na hata pingili nyingine zimezibwa na vikundi vya asetili. Picha ilichora sukari ambayo kwenye chupa haipo kwa umbo hilo. Halafu unainywa! Hatuna kimeng'enya cha kuukata mnyororo huo. Unateremka hadi utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria, huku lektini ya kwenye picha iko kwenye damu.

Na hao wanaosema “ongeza lektini zako” wajue kwamba watu wengi, wakiwemo wa Afrika kusini mwa Sahara, wamerithi jeni zinazowapa lektini hii kidogo sana, na wengi wao wana afya njema.

Mwanafunzi unayetaka kuifanya kazi hii vizuri: acha kalsiamu mahali pake. Anza kwa kurudishia sukari ambayo mkao wake umeshapigwa picha kwa eksirei, uone kama programu inaupata. Weka galaktosi iwe shahidi. Tumia vigezo vilivyotungwa kwa ajili ya sukari, kama GLYCAM. Endesha mwendo wa molekuli ndani ya maji, tena na tena, si mara moja. Kisha peleka maabara.

Mwenye mgonjwa: dawa za hospitali zisiachwe, chanjo zikamilishwe. Akitaka kunywa alovera, daktari aambiwe, hasa kama anatumia dawa za kisukari au za kukojosha. Na ule utomvu wa manjano chini ya ganda usinywewe kabisa. Unaharisha na kuupotezea mwili potasiamu, na mwaka 2002 Marekani iliuondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti.