Kumtii Mungu Katika Maisha ya Kila Siku (3): Shamba Alilolinunua Yeremia

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulimtazama Abrahamu akiondoka Harani, kisha mjane wa Sarepta aliyemwandalia Eliya mkate kwa unga wake wa mwisho. Habari hizo hatupati taabu kuzipokea, kwa sababu waliotii waliona matunda kwa macho yao: Abrahamu alipata mwana, na unga wa mjane haukwisha. Leo nataka tukae na mtu aliyetii, akalipa fedha yake, na asivune hata punje moja. Habari yake iko katika Yeremia sura ya 32, na inahusu jambo tunalolijua sana: mauziano ya shamba.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, yaani kama mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, lilikuwa limeuzingira Yerusalemu. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwenye jumba la mfalme, kwa kosa la kusema waziwazi kwamba mji utatekwa. Humo kifungoni neno likamjia kwamba Hanameli, mtoto wa ami yake, atakuja kumwomba anunue shamba lililoko Anathothi. Sheria ya Walawi, sura ya 25, ilimtaka ndugu wa karibu aikomboe ardhi ya jamaa aliyekwama ili isitoke katika ukoo, na haki hiyo ilimwangukia Yeremia.

Anathothi ni kijiji kilichokuwa kama kilometa 5 tu kaskazini mashariki ya Yerusalemu, nje ya kuta, upande wa adui. Ni kijiji alikozaliwa Yeremia, na sura ya 11 inatueleza kwamba watu wake walikwisha kula njama ya kumuua kwa sababu ya mahubiri yake. Basi fikiria: mfungwa anaombwa kununua shamba asiloweza kulifikia, katika nchi ambayo yeye mwenyewe ametabiri kwamba itachukuliwa, kwa faida ya ndugu wa kijiji kilichotaka roho yake. Mtu mwenye akili zake angemwambia Hanameli arudi kesho.

Yapo maneno machache katika aya ya 8 ambayo wengi huyapita haraka, nami naona ni hazina. Hanameli anapofika na kusema yale yale yaliyokwisha kusemwa, ndipo Yeremia anaandika kwamba alijua hilo lilikuwa neno la Bwana. Ndipo! Nabii aliyekuwa amelitumikia neno kwa miaka kama 40 alisikia, akanyamaza, akangoja kuona. Hakukimbilia kutangaza. Leo kijana hajamaliza hata juma moja la maombi, tayari anamwambia binti wa kwaya kwamba Bwana amemwonyesha yeye ndiye mke wake. Mwingine anaacha kazi kwa sababu ya ndoto ya usiku mmoja. Kumtumaini Mungu hakumkatazi mtu kungoja na kupima.

Alipokwisha kujua, hakuchelewa. Alimpimia Hanameli shekeli 17 za fedha. Sarafu zilikuwa hazijaanza kutumika Yuda, kwa hiyo fedha iliwekwa kwenye mizani. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa kama gramu 11, hivyo zote pamoja hazikufika gramu 200. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi nao wakatia sahihi. Nakala zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi, ili akitokea wa kubishana na ile ya wazi, ifunguliwe ile ya muhuri. Akamkabidhi mwandishi wake, Baruku mwana wa Neria, mbele ya watu wote waliokuwa wameketi uwandani, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Desturi hiyo ya hati mbili ilidumu karne nyingi. Mwaka 1961, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbuzi walipata mfuko wa hati za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha, aliyeishi zaidi ya miaka 600 baada ya Yeremia. Zimo hati za namna hiyo hiyo, sehemu ya juu imekunjwa na kushonwa, ya chini iko wazi.

Kwa nini Biblia inatusomea mambo ya mizani na mihuri kwa kirefu hivyo? Kwa sababu imani ya Yeremia ilikuwa humo humo. Wako waumini wanaoona kwamba kumwita mwenyekiti wa mtaa, kuwaonyesha majirani mipaka na kuandikiana mbele ya mashahidi ni dalili ya kutomwamini ndugu katika Bwana. Huuziana kiwanja kwa maombi na kushikana mikono, na baada ya miaka michache watoto wao wanakutana barazani. Nabii hakuona aibu kumwandikia hati mtoto wa ami yake mwenyewe.

Tena fedha ilikuwa yake. Neno lililomjia lilimgharimu yeye. Hiki ndicho kipimo ninachokishika kuliko vyote ninaposikia mtu akisema Mungu ameagiza. Mhubiri anayepokea agizo kwamba mjane fulani auze ng'ombe wake apande mbegu madhabahuni, huku agizo lenyewe halimgusi yeye mfukoni ila kwa kumwongezea, huyo hafanani na Yeremia hata kidogo.

Baada ya hati kuhifadhiwa, ndipo nabii akaomba, na ombi lake lina mshangao mzito. Anakiri uweza wa Mungu tangu uumbaji hadi Misri, kisha anasema kwa maneno mengine: tazama maboma ya adui yamefika ukutani, mji umekwisha kutolewa, nawe umeniambia ninunue shamba! Alitii kwanza, akauliza baadaye, na Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo, na hati zitaandikwa na kutiwa muhuri. Ewe msomaji uliyelipa ada ya mtoto kwa pesa halali huku wenzako wakipata kwa njia za mkato, na usiku unamlilia Mungu huku huelewi, maswali yako hayajafuta utii wako.

Yeremia hakulilima shamba lile. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumrithisha, kwa kuwa Bwana alimkataza kuoa, sura ya 16. Mji ulianguka mwaka uliofuata, na baadaye watu wake walimchukua Misri, ambako Biblia inamwacha. Lakini soma Ezra 2:23, katika orodha ya waliorudi kutoka Babeli baada ya amri ya Koreshi. Watu wa Anathothi waliorudi kwao walikuwa 128.